Tangi la Mzee Mabaso

Tangi la maji moto lilifungwa juu ya paa katika mtaa wa Alexandra, Jumanne, tarehe 4 Juni 2013, saa tatu asubuhi. Lilipashwa na jua, na lilikuwa la bure. Fundi alisema serikali imelinunua kwa kodi wanayotozwa wenye magari ya moshi mwingi. Gaudence, mshonaji kutoka Burundi, aliwaombea wenye magari hayo maisha marefu. Sasa angelitoa jiko la makaa chumbani, na kifua cha binti yake Inès kingepona.

Lakini mradi ulikuwa wa raia tu. Melchior, mumewe, aliandikisha jina lililobaki kwenye mita ya umeme: Mzee Mabaso, mpangaji wa zamani, aliyekufa katika chumba hicho hicho kwa moshi wa jiko.

"Marehemu haogi," Melchior alitania.

Jiko liliuzwa. Siku ya tatu maji yalinuka makaa. Kisha kila alasiri, Inès akiwa shuleni, Gaudence, akiwa kwenye cherehani yake, alisikia bomba la bafuni likifunguliwa, maji yakijaa beseni, mtu akijisugua taratibu huku akikohoa kikohozi kikavu, na alipoingia alikuta beseni tupu, ukuta ukitoka jasho, na nyayo za masizi zikielekea kitandani kwa Inès.

Alimwita Maalim Ndikumana, Mrundi mwenzao. Maalim alisoma dua, akanusa hewa.

"Huyu haondoki kwa kisomo, Mama Inès," alinong'ona. "Mmemkaribisha kwa maandishi. Mtoeni kwa maandishi."

"Watang'oa tangi, Maalim. Nitarudi kwenye jiko."

"Bora jiko. Hilo utalizima."

Mkaguzi wa mradi alifika tarehe 25, saa nne asubuhi, shule zikiwa zimefungwa. Gaudence alimweleza yote mlangoni kabla hajaulizwa.

"Eish, mama. Alikufa lini?"

"Miaka minne sasa."

"Basi nani kanitilia dole sasa hivi? Nimepita dirisha la bafuni, mzee akatoa mkono."

Aligeuza fomu. Mbele ya jina la Mabaso palikuwa na alama ya dole gumba, ya masizi, haijakauka.

Mkaguzi aliondoka saa nne na dakika ishirini. Tangi lilibaki, kwa kuwa mwenye jina alikuwa ameshatia dole. Kitandani, Inès alianza kukohoa, na chumbani hapakuwa na moto wowote.