Viatu vya Ukutani

Kila asubuhi karakana ya viatu iliamka kwa nyundo. Ko, ko, ko! Ilikuwa na vyumba viwili tu, nyuma ya nyumba ya Mama Soli. Katika chumba cha kwanza mumewe alikata ngozi kwa kisu kifupi, kilichonolewa mpaka kikawa chembamba kama jani. Karibu naye walikaa washonaji wanne. Katika chumba cha pili, wifi yake Mama Soli, yaani dada mdogo wa mumewe, alipaka gundi na kubandika soli. Harufu ya gundi iliwaganda mpaka kwenye nywele. Hata siku ya mapumziko ungewajua kwa kunusa.

Mshonaji mmoja walimwita Redio, kwa kuwa mdomo wake haukupumzika. Alisimulia mpira, ndoa za watu na ndoto zake za jana. Lakini Mama Soli akiingia tu, Redio anazimika. Wote wanazimika. Zinabaki nyundo.

Mama Soli aliupenda ukimya ule. Aliuita heshima.

Kando ya mlango palikuwa na safu ya misumari. Mtu akiharibu kiatu, kiatu kilitundikwa pale, na jina lake likaandikwa chini yake kwa chaki. Desturi hiyo aliianzisha Mama Soli mwenyewe, miaka mitatu iliyopita. Mwanzoni ukuta ulijaa. Sasa vilikuwapo viatu vitatu tu.

"Mnaona?" alizoea kusema. "Aibu imewanyoosha."

Siku moja mwalimu mkuu wa shule ya jirani aliingia na mfuko mzito. Alikuwa mama mrefu, mpole, asiyependa maneno mengi. Mwezi uliopita alikuwa amechukua pea sitini za viatu kwa majaribio. Vingemridhisha, karakana ingeshona viatu vya shule nzima kila mwaka. Alimwaga mfuko juu ya meza. Vilianguka viatu ishirini, soli zote zimeachana na ngozi.

"Mama Soli," alisema, "watoto wangu wanatembea, viatu vinaongea."

Mama Soli alishika kiatu kimoja. Akaivuta soli kwa vidole viwili. Ikatoka kama ganda la ndizi.

"Nisamehe, Mwalimu."

"Nakupa nafasi moja. Pea sitini nyingine, baada ya wiki tatu. Hizo nazo zikifunguka, nitatafuta fundi mwingine."

Mwalimu alipoondoka, mume wa Mama Soli aliweka kisu chini. "Tukiikosa shule," alisema polepole, "tutawaaga washonaji wawili. Labda wote wanne."

Mama Soli alikuwa anajua. Alisimama katikati ya chumba.

"Nani amefanya hivi?"

Nyundo zilisimama.

"Nauliza, nani?"

Redio alikazana kuingiza uzi kwenye sindano ambayo tayari ilikuwa na uzi. Wifi alitazama miguu yake. Basi Mama Soli akachukua viatu vitano, akavitundika ukutani kimoja baada ya kingine. Chini yake akaandika kwa herufi kubwa: WIFI.

Wifi alivua aproni, akatoka nje huku anajifuta macho.

"Umemwaibisha dada yangu mbele za watu," mumewe alimwambia.

"Kazini hakuna dada," Mama Soli alijibu. Lakini sauti yake haikuwa na nguvu.

Mchana ule alihitaji vipande vya ngozi vya kujaribia gundi. Nyuma ya kabati palikuwa na gunia la mabaki. Alilivuta. Lilikuwa zito kuliko mabaki. Alipotia mkono ndani, alitoa kiatu. Akatoa kingine. Mishono imepinda, visigino vimekaa upande, soli zimebanduka. Alivipanga sakafuni, akavihesabu. Viatu ishirini na saba. Hakuna hata kimoja kilichowahi kutundikwa ukutani.

Alivuta kigoda, akakaa, akashika tama.

Hivyo ndivyo Nesi alivyomkuta. Nesi alikuwa jirani yake wa ukuta kwa ukuta, kiongozi wa wauguzi katika kituo cha afya. Alikuwa ameleta ndara iliyokatika ukanda.

"Vipi, shoga? Umefungua duka la viatu vya mguu mmoja?"

Mama Soli hakucheka. Alimweleza yote, kuhusu Mwalimu, wiki tatu, Wifi na lile gunia.

"Wamenidanganya wote," alimaliza. "Hata mume wangu, maana gunia liko hatua tatu kutoka kwenye meza yake."

Nesi aliutazama ukuta kwa muda.

"Hiki kiatu chenye jina la Redio kina muda gani hapa?"

"Mwaka na nusu."

"Mwaka na nusu, na kila siku anapita mlango huu! Jirani, ningekuwa mimi ningekificha pia. Ningekitupa chooni kabisa."

"Sasa unanilaumu mimi?"

"Nakueleza. Kituoni kwetu tulikuwa hivihivi. Muuguzi akikosea dawa, anatukanwa mbele ya wagonjwa. Basi tukajifunza. Hatukujifunza kutokosea, tulijifunza kunyamaza. Siku moja mgonjwa alipewa dawa mara mbili, kwa sababu aliyempa mara ya kwanza alisahau kuandika, na aliogopa kusema. Alipona kwa bahati tu. Ndipo tulipobadilika."

"Mkafanya nini?"

"Kila asubuhi tunasimama pamoja dakika kumi. Kila mtu anasema jana kilikwenda vibaya nini, au kilitaka kwenda vibaya. Hatuulizi nani. Tunauliza imetokeaje, na tufanye nini isitokee tena. Aliyesema anashukuriwa."

"Watu watazoea uzembe."

"Mzembe yupo, na utamwona upesi zaidi, kwa kuwa kila kitu kiko wazi. Lakini wengi si wazembe, wana hofu. Sikiliza, jirani. Kila kazi ina utamaduni wake. Ni yale mazoea ambayo watu wanayafuata bila kuambiwa. Mgeni akija hapa leo, atajifunza kushona kwa mwezi, ila kunyamaza atajifunza kwa siku moja. Wewe unasema unataka kazi nzuri, na wanasikia. Lakini macho yao yanaangalia unamfanya nini mtu anayekuletea habari mbaya."

Mama Soli alivitazama tena viatu vilivyopangwa sakafuni. Kisha akauliza, "Nianzie wapi?"

"Anza na kosa lako mwenyewe."

"Langu?"

"Huna?" Nesi alicheka. "Basi nitengenezee ndara yangu, niondoke zangu."

Asubuhi iliyofuata Mama Soli aliwahi. Wafanyakazi walipofika walikuta ukuta mtupu. Misumari yote imeng'olewa, chaki imefutwa. Walisimama kama watu walioingia nyumba isiyo yao.

"Mwezi uliopita niliwahimiza mmalize haraka," Mama Soli alisema. Kila neno lilimtoka kwa taabu. "Niliwaambia msingoje gundi ishike. Hilo ni kosa langu. Tena jana nilimwaibisha wifi yangu bila kumsikiliza. Wifi, nisamehe." Akawatazama mmoja mmoja. "Sasa, nani anaona tatizo?"

Mshonaji mmoja alikohoa. Wakaenda kukaa kwenye vigoda vyao.

Siku ya pili ikawa vilevile, ila Redio alisema sindano moja imepinda. Mama Soli alimshukuru sana, mpaka Redio akaogopa.

Siku ya tatu Wifi alisimama. Mikono yake ilikuwa nyuma ya mgongo.

"Gundi ninaizimua," alisema.

"Unaizimua?"

"Kwa petroli. Kopo linakaa chini ya dirisha, jua linalipiga, gundi inakuwa nzito. Haipakiki. Basi ninatia petroli kidogo ilegee."

Macho yalimtoka Mama Soli. Petroli! Ndani ya gundi ya viatu vya shule! Ulimi wake ulikuwa tayari. Mumewe alimtazama. Redio aliacha kutafuna mkate wake. Mama Soli aliuma ulimi, akavuta pumzi, akauliza swali jingine.

"Kwa nini hukuomba kopo jipya?"

"Niliomba, wifi. Mbele ya wote ulisema ninamwaga gundi kama maji ya kuoga. Sikuomba tena."

Mama Soli alikumbuka. Maneno yalikuwa yake kabisa.

"Asante kwa kusema," Mama Soli alisema mwishowe. "Tufanye nini?"

Hapo ndipo karakana ilipofunguka mdomo. Mshonaji mmoja alisema kopo lihamie chini ya meza, penye kivuli. Mwingine akasema wanunue makopo madogo, yaishe kabla gundi haijaharibika. Wifi alitaka robo saa ya kungoja gundi ishike, na asihimizwe na mtu yeyote. "Hata wewe, wifi," aliongeza. Akapewa. Wakakubaliana pia kwamba kila soli itavutwa kwa koleo kabla kiatu hakijaingia kwenye boksi.

Walianza kushona pea sitini mpya. Siku chache kabla ya kukabidhi, mume wa Mama Soli aliweka kisu chini katikati ya kazi. Alikuwa mkataji wa miaka ishirini, na alijisifia mkono wake.

"Jamani," alisema. Akakohoa. "Nimekata vipande vya miguu kumi na miwili. Yote ya kushoto."

Redio ndiye aliyeshindwa kujizuia.

"Si neno, Mzee. Tutafute shule ya watoto wasio na mguu wa kulia."

Wifi aliangua kicheko. Kisha Mama Soli naye akacheka, mpaka akashika meza. Ilikuwa mara ya kwanza Redio kutania mbele yake.

"Imetokeaje?" aliuliza alipotulia.

"Mifano ya kadibodi ya kukatia ngozi inafanana. Nimeokota uleule bila kuangalia."

Wakaipaka mifano ya kushoto rangi nyekundu. Mzee akakata mingine kumi na miwili ya kulia kwa kuioanisha. Kwa kuwa alisema mapema, halikupotea lolote ila nusu siku. Angenyamaza, viatu vile vingekuwa vimeshonwa, na vyote kumi na viwili vingeenda kulala ndani ya gunia.

Siku ya kukabidhi Mama Soli alikwenda shuleni mwenyewe. Mwalimu alihesabu maboksi.

"Hamsini na nane. Tulisema sitini."

"Pea mbili tumezikataa wenyewe jana. Soli hazikushika vizuri. Zitakuja keshokutwa."

Mwalimu alimtazama kwa makini. "Ungeweza kuzichanganya humu. Nisingejua."

"Ungejua baada ya mwezi," Mama Soli alisema.

Mwalimu alichukua kiatu kimoja, akakikunja, akakizamisha ndani ya ndoo ya maji. Baada ya kipindi kizima akakitoa na kuivuta soli kwa mikono miwili. Haikutikisika. Viatu vikagawiwa. Muhula ukapita, mvua zikanyesha, watoto wakacheza mpira na kuruka madimbwi. Hakuna kiatu kilichorudi kwa soli kubanduka.

Muhula mpya ulipoanza, Mwalimu alikuja karakana bila mfuko. Alikuwa na orodha ya shule nzima, darasa kwa darasa, na saizi ya kila mtoto. Pea mia nne na kumi. Alitaka vyote ndani ya miezi miwili.

Mama Soli aliwaita wote. Akaisoma orodha kwa sauti, kisha akaiweka mezani.

"Nani anaona tatizo?" aliuliza.

Mikono mitano ikainuka papo hapo, na Redio alikuwa ameshaanza kusema. Mama Soli akavuta kigoda, akakaa kuwasikiliza.