Buibui Aliyelala Chali

Katunge na Theuri walikutana wakigombania chupa. Ilikuwa soko la Karatina, mwaka wa sabini na nane, kwa mama mmoja aliyeuza vyombo vilivyokwisha kutumika. Katunge alikuwa amekumbatia chupa kubwa ya peremende, na kijana mrefu, shati la kola pana na suruali inayofagia vumbi, alikuwa ameshika kifuniko.

"Madam, hii ni ya dawa zangu. Niko na studio ya picha huko Nyeri."

"Na mimi niko na mgeni anaihitaji."

"Mgeni gani anakaa kwa chupa?"

"Mgeni mwenye mbio."

Theuri alicheka, akaachia kifuniko. Kabla hawajaachana alikuwa amejua kwamba Katunge ni karani wa ofisi moja mjini Nyeri, na namba ya simu ya ofisi hiyo.

"Haloo, mama chupa?"

"Theuri, hii ni simu ya serikali."

"Ndiyo maana naongea na heshima, mpenzi."

Walikula chapati pamoja, walitembea hadi mto Chania. Katunge akivaa gauni lake la manjano, Theuri alimpiga picha bila kumlipisha. Lakini nyumbani Katunge hakumkaribisha upesi. Chumba chake kilipakana na tanuri la mkate; alikikodi kwa ajili ya ukuta ule wenye joto, kwa sababu kando yake waliishi buibui wakubwa wa rangi ya machungwa, wenye manyoya, aliowatoa kwao Kitui. Alikuwa amewafuga tangu usichana. Hakuwashika kamwe. Aliwalisha panzi kwa koleo refu, chupa ikiwa ndani ya karai, kwa maana hao hukimbia kabla jicho halijafumba, na wakiuma, wanauma kweli.

Siku alipomwonyesha, Theuri alisimama mlangoni. Chupa ya Karatina ilikuwa nyeupe tupu kwa utando, mashimo na vijia, tabaka juu ya tabaka.

"Amefanya hii yote mmoja?"

"Kwa wiki chache tu."

"Ni kazi safi. Lakini tukioana, hawa wataenda wapi?"

Katunge alikaza kifuniko cha chupa. Neno hilo lilimkaa moyoni.

Kisha mama yake Katunge akaugua huko Kitui. Aliondoka kwa haraka, akamwachia Theuri ufunguo. "Maji tu, kidogo. Usiwafungue sana."

Alimpigia studio kutoka posta ya Kitui.

"Mama anaendelea vizuri. Wangu je?"

"Pole, mpenzi. Ule mkubwa alikufa. Nimemkuta amelala chali, miguu juu. Nimemtoa na utando wake nikamweka nyuma, kwa kuni za tanuri."

"Theuri! Hajafa, anabadilisha ngozi! Wao hulala hivyo!"

"Ati nini? Hukuniambia—"

"Ulitaka waende. Sasa umepata njia."

Akakata simu. Jioni alikumbuka kwamba kweli hakumwambia, lakini hasira haikupungua.

Wiki ilipoisha alirudi Nyeri, akiwa amepanga maneno ya kumalizana naye. Alifungua chumba. Ndani ya chupa kubwa, juu ya udongo mpya, buibui wake alikuwa ameketi, rangi imewaka kama kaa la moto, na utando mpya umeshafunika nusu ya kioo.

Wangechi wa duka la mkate akachungulia. "Umeona? Ule kijana alipangua kuni zote. Wakati amempata, buibui akaanza kukimbilia tanuri, kijana akamzuia na mkono. Akaumwa. Alilia kama mtoto, lakini hakumwachilia."

Katunge hakuketi. Alimkuta Theuri studio, mkono wa kulia umefungwa bendeji, akimpanga Watiri, mama mzee mwenye kitambaa kipya kichwani, kwa picha ya kitambulisho.

"Mbona hukupiga simu?"

"Ulikuwa umekata."

"Nilikukosea, Theuri. Ni mimi sikukwambia."

"Sikudanganyi, siwapendi," alisema. "Nikiwaona mgongo unaingia baridi. Lakini nimeona nyumba ya vyumba viwili pale Ruring'u. Kimoja chao, na ufunguo ukae na wewe."

"Hiyo ni habari ya nyumba. Mimi hujaniuliza kitu."

Theuri aliweka kamera chini. "Katunge, utanioa? Yaani, nikuoe?"

Katunge alitazama ule mkono uliovimba.

"Mjibu, mama," akasema Watiri, bila kugeuza shingo. "Mimi nimekaa wima siku nzima."

"Ndiyo," akasema Katunge. "Nipe hiyo kamera nikushikie, wewe ubonyeze na mkono mzima."