Sauti Kwenye Chaneli Iliyofungwa

Nilikuwa naingiza meza ndani ya kibanda changu pale Shauri Moyo, jua limeshajificha nyuma ya nyumba za kanjo, zile za baraza la jiji, gari jeupe liliposimama mbele yangu.

"Dada Nzilani, usifunge kwanza," dereva akasema.

Alikuwa Kweyu. Mimi ndiye niliyekuwa natengeneza redio za kikundi chao cha uokoaji kule Kayole, watu wa kujitolea waliokuwa na ambulansi moja kuukuu na redio chache za mkononi. Yeye alikuwa dereva. Mkewe, Selpher, alikuwa akiwafunga watu majeraha huko nyuma ya gari. Tangu msiba sikuwa nimemwona tena. Alikuwa amekonda hadi kola ya shati ilikuwa kubwa kwa shingo yake.

Msiba wenyewe kila mtu kwetu anaujua. Masika yale mto ulipasua kingo Mukuru kwa Njenga jioni, watu wakiwa wanapika. Selpher aliingia vichochoroni kwa miguu, redio mkononi, akitoa watoto na wazee. Mara ya mwisho alisikika akisema yuko karibu na kanisa la mabati, penye bomba la maji, na amebeba mtoto wa mtu mgongoni. Kweyu aliacha gari akakimbia hadi kanisa la mabati, penye bomba la maji.

Kulikuwa na kanisa jingine la mabati. Kulikuwa na bomba jingine.

Selpher hakuonekana tena, wala mwili wake. Kikundi kikavunjika. Redio zilizobaki zikarudishwa na chaneli yao ikafungwa.

Sasa Kweyu aliweka vitu viwili juu ya meza yangu. Kimoja kilikuwa skana ya gari, aina ile ya kuchomekwa kwenye dashibodi. Kingine kilikuwa kipokezi cha GPS, kidogo kama kipande cha sabuni, na waya wake.

"Nataka uniunganishie."

"Unatafuta nini, Mzee Kweyu?"

Aliangalia barabarani kwanza. Kisha akainama.

"Selpher anaongea," akanong'ona.

Sikumcheka. Ungeona macho yake, nawe usingecheka.

Alinieleza kwamba aliinunua skana ile ya mtumba ili asikie tu mlio wa chaneli yao ya zamani, hata kama haina mtu. Siku moja alipokuwa akipita Mukuru, ikanasa sauti ya mwanamke. Neno moja. Kisha skana ikaruka kwenda chaneli nyingine, kama kawaida yake, na aliporudi nyuma hakujua tena ni wapi hasa alipoisikia.

"Siku ile sikujua yuko wapi," alisema. "Sitaki kukosa kujua mara ya pili."

Skana ni redio ya kusikiliza tu. Ina masikio, haina mdomo. Inapita chaneli moja baada ya nyingine, na ikisikia mtu inasimama kidogo, halafu inaendelea. Lakini ukiiunganisha na GPS inajua imefika wapi. Unaweza kuiambia, tukifika mahali hapa simama kwenye chaneli hii, usiruke. Na ukisikia kitu, unabonyeza kitufe na inaweka alama ya pale ulipo.

"Hiyo chaneli imefungwa," nilimwambia. "Na betri ya redio ya mkononi haimalizi siku mbili. Ni miezi sasa."

"Najua."

"Basi unajua si yeye."

"Sijui, dada."

Nilichukua chuma cha kuchomea nikakipasha moto. Nilifikiri nitaunganisha, tuzunguke, tusisikie kitu, na huyu mtu arudi nyumbani alale. Nilikata waya, nikachoma ncha kwa risasi ya kulehemu, nikaingia naye ndani ya gari nikaweka kipokezi juu ya dashibodi, karibu na kioo, kione anga. Skana ikawaka. Baada ya muda kidogo ikaonyesha tuko Shauri Moyo. Kweyu aliitazama kama mtu aliyeletewa habari njema hospitalini.

Tulifika Mukuru giza likianza kuingia. Wafanyakazi wa viwandani walikuwa wakirudi kwa miguu, wengi wao, kimya kwa uchovu. Kweyu aliendesha polepole kwenye barabara ya vumbi inayofuata mto. Nilikuwa nimeifunga skana kwenye chaneli ile moja. Ilikuwa ikitoa mvumo mdogo tu... shhh... kama mtu anayembembeleza mtoto.

Kisha nikasikia harufu.

Maziwa. Maziwa ya mama, yale yanayokauka kwenye nguo na kuchacha. Nilinyonyesha watoto watatu, siwezi kukosea. Nikaangalia nyuma ya gari. Hakukuwa na kitu ila machela iliyokunjwa.

"Unasikia harufu?" nikauliza.

Tulikuwa tumepita mabaki ya ukuta, lundo la mabati na takataka zilizoachwa na mafuriko. Mvumo ukakatika.

"...Baba Nabwire..."

Ilikuwa hafifu sana, kama mtu anayeongea chini ya blanketi. Nilibonyeza kitufe bila kufikiri. Alama ikaingia.

Kweyu akafunga breki. Nabwire ni binti yao. Katika kikundi, watu wote walimwita Kweyu kwa jina lake redioni, ila Selpher. Hata hewani, mbele ya kila mtu, alimwita Baba Nabwire, na wenzao walikuwa wakiwatania.

Tulingoja. Mvumo tu.

"Songa mbele kidogo," nilisema. Sauti yangu mwenyewe niliisikia kama ya mtu mwingine.

Gari likasonga, likateremka hadi pale barabara inapokaribia maji. Hapo skana ikafunguka kabisa. Sauti ikajaa ndani ya gari, safi, kama mtu aliyekaa katikati yetu.

"Kweyu... Kweyu, njoo. Niko hapa. Njoo na gari."

Sauti ya mwanamke. Analia.

"Kweyu... maji yamefika kifuani."

Alifungua mlango kabla sijamshika. Nilimwita, hakusikia, au alisikia akapuuza. Nilimwona akishuka ukingoni, anaingia mtoni na viatu vyake, mikono ameinyoosha mbele kama kipofu. Mto ule jioni hiyo ulikuwa mweusi na ulikuwa ukienda haraka.

"Kweyu, karibu... karibu..."

Na chini ya sauti ile, nyuma yake kabisa, nikaisikia ile nyingine. Hafifu. Imechoka.

"Baba Nabwire... rudi. Sio mimi."

Nilitoka mbio. Sijui niliteremkaje ule ukingo. Nilimkuta maji yakiwa kiunoni, anasonga mbele, nikamkamata mshipi kwa mikono miwili nikamvuta. Alinisukuma. Alikuwa mtu mkubwa hata na kukonda kwake.

"Niache. Ananiita."

"Anakuitaje?" nilimuuliza sikioni. "Sikiliza. Anakuita nani?"

Kutoka ndani ya gari, mlango ukiwa wazi, sauti ilikuwa bado ikimwita. Kweyu... Kweyu... Kweyu.

Akasimama.

Nilihisi nguvu zikimtoka, zote mara moja. Tulitambaa hadi juu, na pale ukingoni aliweka paji la uso kwenye udongo akalia kwa namna ambayo sijawahi kusikia mwanamume akilia. Watu wawili watatu waliokuwa wakipita walisimama, wakatuangalia, wakaendelea na safari yao. Pale watu wamezoea kuona mtu akiulilia ule mto.

Asubuhi tulirudi. Kweyu alikuja na majirani wenye majembe, na Mideva, mama wa ushirika wa kanisa lao, akaja kuomba. Skana ilituongoza hadi kwenye alama niliyoiweka bila kufikiri, lile lundo karibu na ukuta ulioanguka. Sauti hatukuisikia. Walichimba mabati, magunia, magodoro, wakafika kwenye tope lililoshikamana kama saruji.

Selpher alikuwa amelala kifudifudi. Mgongoni, amefungwa kwa leso, fundo bado limekaza, alikuwa na mtoto.

Kutoka pale hadi lile kanisa la mabati ambalo Kweyu hakulifikia, mtu angerusha jiwe.

Polisi walikuja, wakaandika yao, wakatuachia miili baada ya siku kadhaa. Mtoto hakuna aliyejitokeza kumdai. Tuliuliza nyumba kwa nyumba. Mwanamke mmoja tu, muuza mboga, alikumbuka kwamba mtoto yule alikuwa wa mama mgeni aliyehamia wiki ile ile, na jina lake hakuwahi kulisikia. Jioni ya mafuriko alimwona Selpher akimfunga mtoto mgongoni na kumpa yule mama redio ashike, ili mikono yake iwe huru. Kisha maji yakaja mara ya pili, na hakuona zaidi.

Redio haikuwa na Selpher. Tulichimba pote, hatukuipata.

Nilifikiria jambo hilo usiku kucha. Yule mama alikuwa amesimama kwenye maji, redio mkononi, na redioni watu wakiita, Kweyu, Kweyu, uko wapi? Ndilo jina alilosikia. Ndilo jina pekee alilokuwa nalo la mtu wa kumwokoa.

Kweyu alimzika mkewe Funyula, kwao, na mtoto akamzika kando yake. Nilidhani yameisha. Lakini alirudi tena kibandani, jioni vilevile.

"Yule mama bado anaita," alisema. "Nilipita jana. Sasa haniiti niende. Anauliza."

"Anauliza nini?"

"Mtoto yuko wapi."

Aliinama juu ya meza yangu.

"Nimekaa pale nikimjibu kwenye gari hadi koo likakauka. Hanisikii. Nitengenezee cha kuongelea."

Mama yangu, kule Kitui, alitulea akituonya tusiitike tukiitwa na mtu tusiyemwona. Alisema ukiitika umemfungulia mlango. Nilimweleza Kweyu hivyo. Alinisikiliza kwa heshima hadi nikamaliza.

"Huyu mama aliita na hakuna aliyeitika," alisema. "Na mimi nilikuwa na gari."

Nilikuwa na redio moja ya mkononi, mali ya mteja aliyeitelekeza. Niliiweka kwenye chaneli ile. Niliunguza kidole kwa chuma cha moto, sikuhisi uchungu hadi baadaye.

Tulikwenda wote wawili. Skana ilitufikisha pale pale karibu na maji, ikafunguka.

"...mtoto wangu... mlimpeleka wapi..."

Kweyu alibonyeza kitufe cha redio. Alikohoa kidogo, kama mtu anayeomba kusema mbele ya wazee.

"Mama, huyu ni Kweyu. Samahani nimechelewa." Akapumua. "Mtoto wako hakupotea. Mke wangu hakumwachilia. Tumewazika pamoja kwetu, Funyula, chini ya kilima, boma la pili ukipita shule. Ana kaburi lake. Hayuko peke yake."

Akaachilia kitufe.

Mvumo ukaendelea.

Kisha tukasikia mlio ule mdogo unaosikika mtu akibonyeza redio na kuiachilia bila kusema neno. Mara moja tu. Baada ya hapo mvumo wenyewe ukakatika, na skana ikaonyesha chaneli haina kitu.

Tuliketi pale hadi taa za viwandani zikawaka. Kweyu alisema, "Sasa nyumba itakuwa kimya." Hakusema hivyo kwa furaha. Hata Selpher hatukumsikia tena, jioni hiyo wala nyingine yoyote.

Siku chache baadaye Nabwire, binti yake, alipiga simu kutoka Funyula. Kweyu alikuwa kibandani kwangu, akaweka simu kwa sauti ili nami nisikie.

"Baba, kuna nani alikuja kwa makaburi?"

"Kwa nini?"

"Kuna tope. Jeusi, lina vipande vya plastiki, linanuka. Hapa kwetu udongo ni mwekundu, na mvua haijanyesha." Alisita. "Na kuna nyayo, Baba. Za mguu mtupu. Zinatoka barabarani zinaingia katikati ya Mama na yule mtoto. Nimezunguka boma lote. Za kutoka sizioni."

Kweyu alifumba macho.

"Nyanya anasema nilete maji nioshe," Nabwire akasema. "Nifanye nini?"

Upande wa pili tulisikia kuku, na mtu akipasua kuni mbali. Kweyu alinong'ona, kama mtu aliye karibu na kitanda cha mgonjwa.

"Usioshe, mwanangu. Mwache alale na mtoto wake. Ametoka mbali."