Mizunguko Ambayo Hakutembea

Mistari ya siku hiyo ilikuwa kumi na miwili, na fundi alikumbuka vizuri kwamba asubuhi alichora tisa.

Alisimama mbele ya ukuta, kando ya kioo cha wateja, akahesabu tena kwa kidole. Kumi na miwili. Chaki ilikuwa ileile ya bluu anayowekea alama kwenye vitambaa, na mkono ulikuwa wake: mistari mifupi, imeinama kidogo upande wa kushoto.

"Wifi, umechezea ukuta wangu?"

Wifi yake, dada wa mumewe, ambaye walikuwa wakishona naye chumba kimoja mwaka wa sita huo, hakuinua hata kichwa. Alisema yeye ana mapazia kumi na manne ya kupinda, akitaka kuchezea kitu atachezea hayo.

Mazoezi ya fundi hayakuwa ya urembo. Dada yake mkubwa alikatwa mguu kwa sababu ya sukari, na miezi miwili iliyopita muuguzi wa kliniki alimwambia fundi waziwazi kwamba naye yuko njia hiyohiyo, atembee kila siku au ajiandae. Basi kila asubuhi, kabla ya kuwasha cherehani, alizunguka jengo lao la maduka, akiuburuta kidogo mguu wa kushoto. Mzunguko mmoja, mstari mmoja, na kila siku safu yake. Jioni alihamishia hesabu kwenye daftari, na Ijumaa akampelekea muuguzi. Ile mistari ndiyo iliyokuwa ikimtoa kitandani. Siku mwili unapogoma, aliikumbuka tu, akaona aibu kuacha pengo.

Jioni hiyo alishika kalamu, akafikiri kidogo, akaandika kumi na mbili. Hapo ndipo alipokosea.

Kesho yake alikuta mistari minane mipya kabla hajafunga kamba za raba. Unga wa chaki ulikuwa bado unadondoka. Alijiambia labda ametembea akasahau, uzee huo unaingia. Akakaa, akashona. Baada ya wiki mbili mistari ilifika thelathini kwa siku naye hajainuka kwenye kiti. Muuguzi alilisifu daftari, kisha akamtoboa fundi kidole, akapima, akapima tena. Sukari ilikuwa imepanda.

Siku ya pili yake, saa saba mchana, jua kali na maduka yote wazi, chumba kikaanza kunuka kitambaa kilichounguzwa na pasi. Pasi ilikuwa ya baridi. Halafu nyuma ya ukuta zikaja hatua, polepole, moja imara na moja inayoburuzwa, zikapita dirishani bila mtu kupita, zikazunguka jengo zima na kurudi, na kila ziliporudi mstari mmoja wa bluu ulijichora ukutani bila mkono, taratibu, kama mtu anayefurahia kazi yake, na hatua zikaongeza mwendo, na harufu ikaongezeka, mpaka wifi akaondoa mguu kwenye pedali na cherehani yake ikanyamaza.

"Wifi," alinong'ona, "nani huyo anatembea kama wewe?"

 Fundi alikuwa anaangalia chini. Sindano ya mkono ilikuwa imezama kwenye dole gumba la mguu wake wa kushoto, damu imefika kwenye zulia, na yeye hakusikia maumivu yoyote.

Baada ya kidonda kufungwa kliniki, wifi alimleta mganga wa majini, mtu mwembamba mwenye sauti ya chini. Mganga aliunusa ukuta, akarudi nyuma mpaka mlangoni. Alisema huyo ni jini asiye na miguu. Fundi alipoiandika mizunguko ya jini kuwa yake mwenyewe, naye jini akaichukua miguu ya fundi kuwa yake. Dawa ni fundi alale siku arobaini bila kukanyaga chini, ili jini akose cha kuazima.

"Na sukari," fundi aliuliza, "nayo itanisubiri siku arobaini?"

Mganga alisema sukari si kazi yake.

"Dada yangu alikatwa kwa kisu. Na mimi, jini huyu anataka nimpe wangu nikiwa nimelala?"

Alilowesha kitambaa, akafuta ukuta wote. Alifuta hata mistari ya wiki zile alizotembea kweli, kwa maana hakuweza tena kuitenganisha na ile mingine. Hilo lilimuuma, yeye ambaye kidonda hakikumuuma. Kwenye daftari alikata kurasa zote za uongo kwa kalamu, na Ijumaa akamwonyesha muuguzi bila kuficha kitu.

Asubuhi ya kwanza alitembea mzunguko mmoja tu, wifi akimshika mkono. Hatua zikawafuata. Kwenye kona ya pili zikawapita, na sauti ya fundi mwenyewe ikatoka mbele yao, laini, ikisema, "Kaa, fundi. Nitatembea mimi."

Wifi akaanza kulia kimyakimya. Fundi hakusimama.

"Miguu ni yangu," alisema. "Ukitaka kutembea, kaa nyuma."

Akaipita. Akachora mstari mmoja. Kila siku alikuta mistari ya bure ukutani, akaifuta, akachora ya kwake: miwili, mitatu. Alipochoka, hatua za nyuma zilisogea karibu na shingo yake, naye akakaza mwendo.

Wiki ya saba, kwenye mzunguko wa tatu, kokoto ilipenya soli iliyolika ya raba ya kushoto. Maumivu yakapanda mpaka gotini. Fundi alishika ukuta, machozi yakamtoka, na akacheka sana hata wifi akatoka mbio na mkasi mkononi.

"Kuna nini?"

"Inauma, wifi. Dole gumba linauma."

Nyuma yao, kwenye kona isiyo na mtu, kitu kilianguka chini, kikaanza kujiburuta kuwafuata. Wifi akamvuta mkono, warudi ndani.

Fundi alifunga vizuri kamba za raba, akaanza mzunguko wa nne.