Chiriku na Sindano za Bibi

Kila asubuhi, baada ya kufagia, Chiriku alitia uzi kwenye sindano za bibi yake na kuzichomeka kwenye kimto kando ya cherehani. Bibi alikuwa mshonaji. Mikono yake ilikuwa bado hodari, lakini macho hayakuliona tena tundu la sindano. Jina la Chiriku mjukuu alipewa kwa sababu ya mdomo wake usiojua kupumzika.

Jumamosi ile hakutia uzi hata kwenye sindano moja. Jumatatu angemuaga mwalimu mkuu mbele ya shule nzima, na hotuba ilikuwa imemlevya. Alisimama uani, kidevu juu, akiwahutubia kuku.

"Mwalimu wetu mpendwa, kwa heshima na taadhima..."

"Mjukuu wangu!" Bibi aliita kutoka ndani. "Njoo unitilie uzi."

"Ngoja kwanza, Bibi!"

Bibi aliita tena. Chiriku akaguna tu, akalirudia neno lake tamu: taadhima. Alipoitwa mara ya tatu alifoka, "Aa, Bibi nawe! Huoni nina kazi?"

Akaendelea kuwahutubia kuku.

Alipoingia kunywa maji, kiti cha cherehani kilikuwa kitupu. Fimbo ya Bibi nayo haikuwapo mlangoni. Moyo ulimpasuka paa! Huko nje kulikuwa na barabara ya malori, na Bibi hakuwahi kuivuka bila kushikwa mkono. "Huoni," ndivyo alivyomwambia, yeye asiyeona vizuri!

Alitoka mbio. Muuza mkaa hakumwona Bibi. Mama wa dukani alimwona.

"Amekwenda barabarani. Nilidhani uko nyuma yake."

Papo hapo breki za lori zikalia. Chiriku akafumba macho. Alipothubutu kutazama, lori lilikuwa limeshapita, na ng'ambo ya barabara Bibi alikuwa ameketi kwenye benchi la fundi viatu, mzima. Fundi alikuwa akihangaika kuitia uzi sindano yake. Chiriku akavuka akawafikia.

"Afadhali umekuja," alisema fundi. "Nimemvusha, lakini uzi umenishinda. Vidole hivi ni vya kushona buti!"

Mapajani mwa Bibi kulikuwa na sketi ya shule ya Chiriku.

"Pindo limefumuka," Bibi alisema. "Sikutaka usimame mbele za watu hivyo."

Chiriku akapiga magoti, machozi yakimtiririka. "Nisamehe, Bibi. Nusura nikupoteze."

Bibi alimpapasa kichwa. "Neno lako nimelisikia asubuhi nzima. Maana yake nini?"

"Heshima kubwa, Bibi."

"Ndiyo. Heshima ya kumthamini mtu hata ukaacha lako ukamsikiliza. Kulitamka si kazi, mjukuu wangu. Taadhima huonekana pale unapoitwa."

Wakavuka pamoja, mkono kwa mkono. Jioni, Chiriku alirudi uani kwa kuku wake. "Mwalimu wetu mpendwa, kwa heshima na ta..."

"Mjukuu wangu!"

"Abee, Bibi!"

Neno likabaki nusu uani, na yeye alikuwa ameshafika mlangoni.