Vifuniko Vitatu

Kila Jumamosi asubuhi Chiriku alifuatana na shangazi yake kazini. Jina hilo la utani alilipata kwa sababu mdomo wake haukujua likizo. Shangazi alikuwa mtafiti wa maabara, na Chiriku, msichana wa miaka kumi na miwili, alivalishwa koti jeupe lililomfika miguuni.

Shangazi alichunguza seli shina, yaani seli changa ambazo mwili huzitumia kutengeneza seli nyingine, kama za ngozi. Miale ya jua iitwayo urujuanimno, ambayo macho hayaioni, huziharibu. Je, kemikali za majani ya chai zingeweza kuzikinga? Jumamosi moja zilibaki siku mbili tu: Jumatatu angempa mkuu wa maabara majibu, na mkuu angeamua kama utafiti uendelee au ufungwe.

"Visahani sita vya seli," shangazi alisema. "Vitatu vina dawa ya majani, vitatu havina. Vifunue vyote humo sandukuni, ufunge sanduku, ndipo niwashe taa ya miale."

Chiriku alifunua visivyo na dawa huku akisimulia vituko vya mwalimu wao wa hesabu, kisha akafunga sanduku.

"Umevifunua vyote?"

"Vyote, shangazi."

Taa ilipozimwa alifungua sanduku, akashtuka. Visahani vyenye dawa bado vilikuwa na vifuniko. Akavifunika vile vingine chapuchapu na kujipa moyo. Si ni plastiki inayoonyesha? Mwanga ulipita tu.

Jumapili shangazi alichungulia kwenye hadubini, akacheza hatua mbili tatu palepale. "Zenye dawa zimepona zote. Mkuu hataamini macho yake."

Roho ilimsuta Chiriku. "Shangazi, miale ile hupita kwenye kifuniko?"

"Thubutu. Wewe unaona ndani, lakini kwa miale ile huo ni ukuta. Kwa nini?"

Akaeleza yote, machozi yakimlengalenga. Shangazi alikaa kitini, akacheka mpaka miwani ikamteleza. "Kumbe nilitaka kumwambia mkuu kwamba nimegundua kifuniko. Haya, tuanze upya. Muda bado upo."

Safari hii Chiriku alihesabu vifuniko kwa sauti, na habari za mwalimu zikasubiri.

Jumatatu, kabla ya kwenda shule, alichungulia mwenyewe. Zisizo na dawa zilikuwa zimekufa karibu zote. Zenye dawa, zaidi kidogo ya nusu zilikuwa hai.

"Ni nusu tu," alinung'unika.

"Nusu hii ni kazi ya majani kweli," shangazi alisema.

Jioni shangazi alirudi nyumbani akitabasamu: mkuu alikubali utafiti uendelee. Alimkalisha Chiriku karibu naye. "Kukosea kila mtu hukosea, mwanangu, hata mimi. Lakini ungenyamaza, ningewadanganya watu bila kujua, na wao wangeniamini. Siku nyingine ukikosea, niambie hapohapo, hata kama nacheza."