Kikombe cha Mzee Mudathir

Asubuhi hiyo, kama asubuhi zote, Ziada alimfunga babu yake vifungo vya shati, akamnywesha uji, kisha akatazama jua. Amechelewa tena! Alikuwa darasa la sita, na katika shule yao ya Kasingirima, mjini Kigoma, walimu wote walimjua kwa kuchelewa.

Babu yake, Mzee Mudathir, alipigana vita vya Kagera. Sasa, mwaka 1997, alikuwa na ugonjwa wa Parkinson, unaotetemesha mikono na kukakamaza mwili. Mama alishinda sokoni Kibirizi akiuza dagaa. Jirani yao Barutwanayo, aliyekimbia vita Burundi, alimwogesha mzee alfajiri kabla ya kwenda kwenye vibarua. Kazi nyingine zote zilikuwa za Ziada.

Siku hiyo alitarajiwa afisa wa kukagua kama babu anastahili fidia ya ulemavu, pamoja na posho ya kumlipa mtunzaji. Wakiipata, Barutwanayo angeshinda na mzee, na Ziada angewahi shule.

"Koplo Ziada!" babu aliita kwa utani wake. "Nivike kofia na medali. Mgeni hapokewi na mgonjwa."

Afisa huyo, Bi Elinipa, alipoingia alimkuta mzee ameketi wima, mikono ameikalia.

"Shikamoo, Mzee. Unakula mwenyewe?"

"Marahaba. Najitegemea kabisa."

"Na kuvaa?"

"Askari havishwi, mama!"

Bi Elinipa akaandika. Ziada aliumia moyoni. Shule ilikuwa inampotea hivi hivi, lakini atambishiaje babu mbele ya mgeni?

Akaleta chai. Kwao mgeni hanywi peke yake. Ziada alimmiminia babu nusu kikombe kama kila siku, akamfunga kitambaa shingoni, akamwinulia kikombe mdomoni.

"Weka chini, Koplo," babu alinong'ona.

"Nisamehe, Babu. Sisi hunywa hivi kila siku."

Mzee akautoa mkono akipokee kikombe mwenyewe. Mkono ulitetemeka, chai ikaimwagikia medali. Babu akacheka polepole.

"Haya, mwambie kweli, mjukuu wangu. Mimi nimemdanganya."

Ziada alieleza yote, bila kuongeza chumvi. "Vifungo hawezi, kikombe hawezi. Lakini bao anacheza mwenyewe, na ananishinda!"

Bi Elinipa alicheka, akakata majibu ya kwanza na kuandika upya.

Miezi miwili baadaye barua ya kukubaliwa ilifika. Kesho yake Barutwanayo aliingia na jembe lake begani, akaliegemeza ukutani, akamwamkia mzee kwa Kirundi.

"Mwaramutse, Muzee! Leo siendi kulima. Niko wako mpaka jioni."

Babu akamgeukia Ziada, aliyekuwa tayari na madaftari mkononi.

"Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Nilidhani ninalinda heshima yangu, kumbe nilikuwa nasema uongo, na wewe ndiye uliyekosa masomo. Kusema kweli kwa adabu si kumvunjia mtu heshima. Haya, Koplo, kimbia! Kengele haimngoji mtu."

Ziada alifika shuleni wenzake wakiwa bado wanafagia uwanja.